UZI: Kloridi ya amoniamu, inakotumika, tabia zake, na namna ya kuisafirisha isifike imekuwa jiwe

Mchukuzi
Wadau, salamu kwenu. Neno "amoniamu" likionekana tu kwenye nyaraka za mzigo, lazima kuna mtu ofisini atashtuka. Dereva atagoma, wakala atadai barua ya zimamoto, kontena litawekwa pembeni likisubiri mkubwa arudi. Nimeona nifungue uzi wa chumvi moja tu, kloridi ya amoniamu (NH4Cl), kwa sababu ndiyo inayosingiziwa zaidi. Inaogopwa kwa kosa lisilo lake, na uharibifu ambao kweli huufanya hakuna anayeuangalia.

Tuanze na kosa lisilo lake. Chumvi hii haiwaki, na yenyewe hailipuki. Zile tani 2,750 zilizolipuka bandarini Beirut Agosti 2020 zilikuwa nitrati ya amoniamu. Meli iliyoteketea Texas City mwaka 1947 nayo ilibeba nitrati. Nitrati ina oksijeni ndani yake, kwa hiyo kiunguzaji na kiunguzwaji wanalala kitanda kimoja. Kloridi haina oksijeni hata chembe. Ukiipasha moto mpaka kama nyuzi 338 za Selsiasi haiyeyuki, bali inagawanyika kuwa gesi mbili, amonia na kloridi ya hidrojeni. Gesi hizo zikipoa hushikana tena na kuwa moshi mweupe wa chumvi ileile. Moshi huo utakutoa machozi na kukukaba koo, basi.

Kwa sura ni fuwele nyeupe. Ikiwa safi na kavu haina harufu. Nitrojeni ni kama asilimia 26 ya uzito wake. Inayeyuka vizuri majini: gramu 100 za maji ya nyuzi 20 zinabeba gramu 37 hivi, na maji yakichemka zinafika 77. Ikiyeyuka inanyonya joto, ukishika chombo utahisi kimepoa. Na maji yake yana uasidi kidogo, pH ya 5 hivi. Huo uasidi uwekeni akilini, tutaurudia kwenye usafiri.

Najua humu kuna watu wanaoitumia kila siku. Karibuni mwage mnachojua, mimi nitarudi na habari za makontena.

Fundi_Zinki
Mkuu umenigusa. Sisi watu wa kuchovya vyuma kwenye zinki bila hii chumvi hatuna kazi.

Kwa wasiojua: chuma kinaoshwa kwanza ili mafuta yatoke, halafu kinaingia kwenye asidi hidrokloriki kuondoa kutu, kinasuuzwa, kisha kinachovywa kwenye maji yenye kloridi ya zinki na kloridi ya amoniamu. Hapo kinapata ngozi nyembamba ya chumvi inayokilinda kisishike kutu tena kikisubiri zamu. Kikishuka kwenye zinki iliyoyeyuka, nyuzi 450 hivi, ile ngozi inapasuka, inatoa asidi kidogo palepale kwenye uso wa chuma na kula mabaki yote ya kutu, ndipo zinki inashika. Usipofanya hivyo unapata madoa meusi ambayo zinki imeyakataa.

Ule moshi mweupe mnaouona ukipanda juu ya tangi, sehemu kubwa ni kloridi ya amoniamu hiyohiyo. Ukizidisha amoniamu kwenye mchanganyiko chuma kinasafishika vizuri zaidi lakini moshi nao unaongezeka, ndiyo maana wengine wanapunguza amoniamu na kuongeza zinki. Kipimo ambacho NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza kwa moshi huu ni miligramu 10 kwa mita moja ya ujazo ya hewa kwa zamu nzima, na 20 kwa dakika 15. Kofia ya kuvuta moshi juu ya tangi si pambo.

Na chuma kikauke kabla ya kushuka! Maji chini ya zinki ya nyuzi 450 yanageuka mvuke ghafla na zinki inaruka. Hilo halihusiani na amoniamu, ila sipiti bila kulisema.

Kipimo
Nakaa hapa mbele. Je, ni kweli betri za tochi zilikuwa na hii kitu?

Fundi_Zinki
@Kipimo kweli kabisa. Georges Leclanché alitengeneza seli yake mwaka 1866 kwa zinki, dioksidi ya manganizi, na maji ya kloridi ya amoniamu ndani ya chupa. Ilikuwa ya kukaa mezani, ukiiinamisha inamwagika. Mwaka 1886 Carl Gassner akafanya yale maji kuwa uji mzito na kopo la zinki lenyewe likawa ncha ya hasi, ndiyo betri kavu unayoifahamu. Kopo linaliwa kadiri betri inavyotumika, mwisho linatoboka, ndiyo sababu zile za zamani zilikuwa zinavuja na kuharibu tochi. Siku hizi nyingi za bei ya chini zinatumia zaidi kloridi ya zinki, na zile za alkali zina potasiamu haidroksaidi, hakuna amoniamu.

Mafundi wa kulehemu nao wana kipande chao kigumu cheupe cha kusugulia ncha ya chuma cha kulehemu ikiwa moto. Ni hiyohiyo. Joto linaivunja, asidi inakula oksidi ya shaba, ncha inang'aa na lehemu inashika. Fanyeni dirisha likiwa wazi.

Mbao Ngumu
Kwenye plaiwudi na mbao za vumbi tunaiita kigandishi. Gundi ya yurea na formaldehaidi ikiwa peke yake inakaa siku nyingi bila kushika. Unaweka kiasi kidogo tu cha kloridi ya amoniamu, inashikana na formaldehaidi iliyobaki huru kwenye gundi, inatengeneza heksamini na kuachia asidi. Asidi inashusha pH, na gundi hii hukauka haraka kwenye uasidi. Ukiifikisha kwenye mashine ya moto inashika kwa dakika chache.

Ubaya wake ni kwamba gundi ukishaichanganya saa inahesabu. Mashine ikiharibika katikati ya zamu unabaki na ndoo za mawe. Pia ukizidisha kigandishi, asidi inayobaki ndani ya ubao inaula taratibu, ubao unakuja kulegea miaka baadaye wakati mteja ameshakusahau.

Shamba Kubwa
Mmesahau mbolea, na duniani huko ndiko tani nyingi zinakokwenda. Hasa China, India na Japani, kwenye mpunga.

Historia yake inanifurahisha. Njia ya Ernest Solvay ya mwaka 1861 ya kutengeneza magadi ya viwandani ilitumia chumvi ya kawaida, chokaa na amonia. Katikati ya kazi inapatikana kloridi ya amoniamu, lakini Solvay aliivunja kwa chokaa arudishiwe amonia yake, na klorini yote ikaishia kwenye taka za kloridi ya kalisi. Mkemia wa China, Hou Debang, miaka ya 1930 na 1940 akabadili hesabu: kwa nini nivunje kitu ninachoweza kukiuza? Akapoza maji, akaongeza chumvi na amonia, kloridi ya amoniamu ikajitenga yenyewe. Kila tani ya magadi inatoka na takriban tani moja ya mbolea. Ndiyo maana nyingi iliyopo sokoni ni ndugu wa magadi: kiwanda cha kioo kikiagiza magadi mengi, mbolea nayo inaongezeka hata kama hakuna mkulima aliyeiomba.

Kwenye mpunga ina faida moja kubwa. Shamba lililofunikwa maji halina hewa ardhini. Mbolea za nitrati zinapotea hewani, na zenye salfeti zinaweza kutoa sulfidi ya hidrojeni inayochoma mizizi. Kloridi haina tabia hizo mbili. Minazi na michikichi pia inapenda klorini. Lakini usipeleke kwenye tumbaku, jani linakuwa halitaki kuwaka. Viazi na maharage navyo havipatani sana na klorini nyingi. Na ukiitumia mfululizo udongo unakuwa na asidi, utahitaji chokaa, ila msiiweke chokaa siku moja na mbolea hii kwa sababu amonia yote itaruka.

Dada Maabara
Niongeze dogo la usafi. Kuna daraja la viwandani, la malisho, la chakula na la dawa. Kwenye chakula inaitwa E510. Watu wa Ufini na Uholanzi wanaila kwenye peremende nyeusi za chumvichumvi. Kwenye dawa imetumika kulainisha kohozi, na madaktari wa mifugo wanaipa mbuzi na kondoo madume ili mkojo uwe na asidi na vijiwe visijengeke. Ya viwandani inaweza kuwa na metali nzito au kemikali ya kuzuia fuwele zisigandamane ambayo haikukusudiwa tumboni. Fuwele zinafanana kabisa, cheti ndicho kinachotofautisha. Msibadilishane magunia.

Mchukuzi
Asanteni, sasa usafiri. Hapa nitakaa kidogo.

Kwenye kanuni za IMDG za shehena hatari baharini, kloridi ya amoniamu safi haimo kwenye orodha, haina namba ya UN (namba ya Umoja wa Mataifa inayopewa kila shehena hatari). Kwa wengi hapo ndipo mjadala unaishia: "Si hatari, pakia." Matokeo yake linafika kontena lenye mawe ya kilo 25 kila moja, na sakafu imeota kutu.

Adui ni unyevu. Kila chumvi ina kiwango chake cha unyevu wa hewa ambacho ikikivuka inaanza kunywa maji. Kwa hii, kwenye nyuzi 30, ni kama asilimia 77. Nitrati ya amoniamu inaanzia 59 hivi, kwa hiyo yetu ni mvumilivu zaidi, lakini hewa ya pwani usiku inavuka 77 bila taabu. Usiku inakunywa, uso wa fuwele unakuwa tope. Mchana kontena linapata jua, maji yanaondoka, na chumvi iliyokuwa imeyeyuka inajijenga upya kama daraja kati ya chembe na chembe. Rudia hivyo safari nzima ya baharini. Huna haja ya mvua kuingia hata tone.

Kwa hiyo kazi inaanza kiwandani. Bidhaa isifungwe ikiwa bado na joto kutoka kwenye kikaushio, kwa sababu unyevu uliobaki utahama kutoka katikati ya mfuko kwenda pembeni na kugandisha pembeni. Mfuko wa nje wa polipropilini uliofumwa pekee ni nguo tu. Unahitaji nailoni ya ndani iliyofungwa kwa joto au kwa kukazwa vizuri, siyo kukunjwa. Kwa mifuko mikubwa ya tani moja ni hivyohivyo, na msiirundike juu kwa juu kama hakuna maandishi ya kiwanda yanayoruhusu, kwa sababu uzito unaharakisha kuganda kwa zile za chini.

Kontena: ingia ndani, fungiwa milango, tazama. Ukiona mwanga, lirudishe. Sakafu ya mbao iwe kavu, na paleti ziwe kavu pia. Watu wanatundika vifyonza unyevu vya kloridi ya kalisi juu halafu wanaweka paleti zilizolala nje mvuani. Paleti mbichi ina maji mengi kuliko vifyonza vyako vinavyoweza kumaliza. Tandika karatasi nene sakafuni na juu ya mzigo, ili jasho la dari lisidondokee mifuko moja kwa moja. Na mzigo usigusane na kuta.

Sasa ule uasidi niliosema uwekwe akilini. Chumvi hii ikipata unyevu inakula chuma, na kwa shaba na shaba nyeupe ni mbaya zaidi kwa sababu amonia inapasua vyuma hivyo kwenye maungio. Wenye mitambo ya kusafishia mafuta ghafi wanaijua: inajitengeneza ndani ya mabomba ya juu ya mnara yanapopoa, inakaa kama ganda, na chini ya ganda bomba linatoboka. Kwenye lori lako haitafanya haraka hivyo, lakini vumbi lililoachwa kwenye minyororo ya foklifti na viungo vya nyaya za umeme halisubiri mwaka. Pakua, fagia, ndipo uoshe kwa maji mengi mpaka chumvi iondoke kabisa. Kufuta kwa kitambaa chenye unyevu ni kuipaka vizuri zaidi.

Bahari ya Saba
Mchukuzi umesema vema. Niongezee la meli zinazobeba mzigo uliomwagwa bila mifuko. Kuna mazoea kwamba ukibeba chumvi au salfa unapaka chokaa kuta za behewa la meli kulinda chuma. Kwa chumvi yoyote ya amoniamu ni kosa. Chokaa na kloridi ya amoniamu zikikutana na unyevu, hata bila joto, zinatoa gesi ya amonia. Mtu akishuka kwenye behewa lililofungwa siku kadhaa atapigwa na amonia kabla hajafika ngazi ya tatu. Vilevile ghala lenye sakafu ya saruji mbichi au lililowahi kuhifadhi chokaa: fagia mpaka liwe safi. Na mtu asiingie behewa lolote kabla hewa haijapimwa.

Kipimo
Kwa hiyo tukubaliane: haina namba ya UN, kwa hiyo naweza kuichanganya kontena moja na kemikali nyingine zozote?

Mchukuzi
@Kipimo hapana, na hili ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kloridi ya amoniamu peke yake ni pole. Ukiikutanisha na majirani fulani inabadilika. Nitriti, klorati, hipokloriti na pamanganeti zote haziruhusiwi kuchanganywa na chumvi za amoniamu. Kanuni za baharini zinakataza kabisa kusafirisha michanganyiko hiyo. Siyo "tenganisha kwa mita kadhaa", ni marufuku. Amonia ya huku inakutana na oksijeni au klorini ya kule, na kinachozaliwa ni gesi yenye sumu au kitu kisicho na utulivu.

Mnaweza kusema nani atachanganya makusudi? Hakuna. Inachanganywa na fagio. Nitriti ya sodiamu ni nyeupe, inatumika viwandani kuzuia kutu, na inakuja kwenye mifuko ya kilo 25 inayofanana na hii. Klorini ya unga ya mabwawa ya kuogelea ni hipokloriti. Mifuko miwili inachanika ghalani, kijana wa usafi anafagia vyote kwenye pipa moja, na pipa lina maji kidogo chini. Hiyo ndiyo ajali yenyewe. Kila kemikali iwe na pipa lake la mabaki, fagio lake, na kona yake, na alkali kali kama magadi moto (sodiamu haidroksaidi) nazo zikae mbali.

Mtu wa Nyaraka
Kwa upande wangu wa karatasi, fupi fupi.

Andikeni jina lote kwenye ankara na kwenye hati ya shehena, msiandike "amoniamu" peke yake wala "chumvi ya amoniamu". Wekeni namba ya CAS, yaani namba ya kimataifa ya kuitambua kemikali, 12125-02-9. Namba ya forodha ni 2827.10. Hizo mbili zinamaliza ubishi mwingi kuliko barua yoyote ya kujieleza, kwa sababu mkaguzi anaona mara moja kwamba si nitrati (UN 1942).

Karatasi ya usalama iwe na vipengele vyote 16. Lebo itakuwa na alama ya mshangao: ina madhara ikimezwa, inakera sana macho. Uzito wa kontena lililopakiwa upimwe, ni sharti la SOLAS (mkataba wa usalama wa maisha baharini) tangu Julai 1, 2016, na mzigo huu ni mzito, unaweza kufikia kikomo cha uzito kabla hujajaza nafasi.

Angalizo mbili. Mchanganyiko wa kuchovyea vyuma anaoutumia Fundi_Zinki si kloridi ya amoniamu safi. Kloridi ya zinki kavu ina namba yake, UN 2331, daraja la 8 la shehena hatari (vitu vinavyobabua na kula vyuma), na mchanganyiko unapangiwa daraja kulingana na kilichomo. Usitumie karatasi ya usalama ya moja kwa mwingine. Ya pili, Marekani wana sheria yao: kifurushi kimoja chenye pauni 5,000 au zaidi za chumvi hii kinahesabiwa daraja la 9 (hatari nyinginezo). Mifuko ya kilo 25 haiguswi, lakini tangi la lori linaguswa. Kwa hiyo "si hatari" inategemea pia imefungwa vipi na inapita wapi.

Shamba Kubwa
Ikimwagika karibu na mto?

Dada Maabara
Zuia isifike majini, hilo kwanza. Kwa samaki shida ni amonia huru, na amonia huru inaongezeka kadiri maji yanavyokuwa ya alkali na ya joto. Kiasi ambacho kwenye maji baridi yenye asidi hakiwasumbui kinaweza kuua bwawa zima la maji ya joto yenye pH ya 8 na kitu. Fagia ikiwa kavu, weka kwenye chombo kinachofungika, usiisukume na mpira wa maji kwenye mtaro. Ikiingia jichoni suuza kwa maji safi dakika 15 bila kusugua, halafu hospitali. Kama ghala linaungua, chumvi haitaongeza moto, ila mifuko itaungua na zile gesi mbili zitatoka, kwa hiyo wazimaji wavae vifaa vya kupumulia. Maji ya kuzimia ni sawa kutumia, mradi yasiachwe yakimbilie mtoni.

Kipimo
La mwisho wakuu. Mzigo umeshafika, umeganda. Ni wa kutupa?

Mchukuzi
Kemia yake haijabadilika, ni ileile NH4Cl na unyevu kidogo. Kama inakwenda kuyeyushwa, kwa mfano kwenye matangi ya Fundi_Zinki, vunja vipande, pima unyevu upunguze kwenye hesabu ya uzito, endelea. Kama ni mbolea ya kumwagwa kwa mashine itabidi isagwe na kuchekechwa upya. Msichanganye na yurea ili "ilegee": zikiwa pamoja zinakunywa maji kwenye unyevu mdogo zaidi kuliko kila moja peke yake. Daraja la dawa au chakula likirudishwa hali hiyo, mwenye cheti ndiye wa kuamua, siyo sisi wa kontena. Na kabla hujavunja chochote piga picha ya mifuko ikiwa bado ndani, milango wazi, namba ya kontena na sili zikionekana. Bima wataziomba hizo kabla ya kusoma barua yako.